Gari la paa la kukunja kwa mwisho wa wiki, Dodoma

Swali: Ndugu zangu, natafuta gari la paa la kukunja, lililotumika na la bei nafuu, la kwenda Kondoa na mke wangu siku za Jumamosi. Je, Mazda Roadster itanifaa?

Jibu: Itakufaa, mkuu, ila tafuta lile la paa gumu lililoanza kutoka 2006, kwa sababu jua na vumbi la huku hukausha paa la turubai mpaka likachanika, langu lilianza kuchanika kwenye kona ya kioo cha nyuma.

Jibu: Kabla ya kulipa, papasa zulia la nyuma ya viti, kwani likiwa na unyevu huenda mifereji ya paa imeziba. Ukiagiza Japani, ulizia TRA ushuru wa uchakavu (kodi ya ziada kwa gari la zamani) mapema.

Muulizaji: Ahsanteni sana, nitaanza na zulia.