Re: Bi Mkubwa anakuja Julai, tunataka kuzungushwa ngome za Outlander

Kutoka: Mama Kulwa, Leeds

Assalaam alaykum, na habari za siku nyingi kwa wote.

Bi Mkubwa wangu kapata viza, anakuja kutoka Tanga mwezi wa saba pamoja na mdogo wangu. Huyu mdogo wangu kaitazama Outlander yote, ile tamthilia ya TV ya Scotland ya zamani, karudia tena, na tangu viza itoke hana mazungumzo mengine ila ngome za Scotland. Tutapanda na gari letu hadi Edinburgh tulale siku mbili. Siku moja kati ya hizo nataka tukodi gari na dereva anayejua njia na historia, tuwe peke yetu. Mabasi ya watalii yapo na ni nafuu, ila Bi Mkubwa ana goti, na wanangu (miaka 5 na 9) hawawezi kukaa na wageni kutwa nzima bila kunitia aibu.

Orodha ya mdogo wangu: ngome ya Doune, nyumba ya kina Jamie (yule bwana wa Outlander), ngome ya Eilean Donan, na ngome ya Harry Potter kwa ajili ya watoto. Mume wangu naye kadandia, anataka ilipopigwa Braveheart, ile filamu ya shujaa Wallace. Vyote hivyo vinaingia siku moja? Na bei gani isiyo ya kuibiwa?

Kutoka: Shangazi wa Leith

Waalaykum salaam Mama Kulwa, karibuni sana. Mimi wageni nimewazungusha huku mpaka wengine nimewasahau, kwa hiyo nianze kwa kukata orodha.

Eilean Donan itoe. Najua, ndiyo ile ya kwenye makopo ya biskuti, na James Bond alipita pale mwaka 1999. Lakini kutoka Edinburgh ni saa nne na ushee kwenda tu, bado kurudi. Wapo wanaoiuza kama safari ya siku moja, na atakachokijua Bi Mkubwa ni kisogo cha dereva. Tena ngome ya kale ilipigwa mizinga mwaka 1719 ikabaki gofu miaka mia mbili. Hiyo inayopigwa picha leo ilijengwa upya karne ya 20, ikamalizika 1932. Mwambie mdogo wako hilo, pengine litampoza.

Ya Harry Potter ni Alnwick, na Alnwick iko England, Northumberland. Hiyo ni heri kwenu, maana mkipanda kwa barabara ya A1 mnaipita kando kabisa. Shukeni hapo siku ya kuja. Watoto wanafundishwa kupanda ufagio kwenye uwanja uleule wa filamu mbili za kwanza, na hapo ndipo watakapochoka vizuri. Usimlipe mtu wa Edinburgh awarudishe kusini mlikotoka.

Shemeji naye mwambie awe na subira: sehemu kubwa ya Braveheart ilipigwa Ireland. Mnara wa Wallace ataupungia mkono mkipita Stirling.

Kinachobaki ni siku nzuri kabisa na haina mwendo mrefu: Midhope, Blackness, Linlithgow, Doune, halafu nyumbani. Tatu za mwanzo ziko jirani jirani magharibi ya Edinburgh, na Doune ni kama saa moja kutoka mjini.

Midhope ndiyo nyumba ya kina Jamie. Iko ndani ya shamba la Hopetoun, ni mali ya watu, na tiketi ya gari hukatwa mapema. Kuna siku hufungwa, kwa hiyo tazameni tovuti yao kabla ya kumlipa dereva, siyo baada. Na mtayarishe mdogo wako: haingii mtu ndani. Ndani ni gofu tupu, vyumba vyote anavyovijua vilijengwa studio kule Cumbernauld. Ni kusimama nje, kupiga picha langoni, kulia kidogo kama ni wa kulia, basi. Nusu saa inatosha.

Blackness iko ufukweni, imejengwa kwa umbo la meli, pua yake imeingia baharini. Kwenye tamthilia ndipo Jamie anapochapwa mijeledi. Uani hakuna sakafu, ni mwamba mtupu uliopinda pinda, na upepo wa pale hauna adabu hata Julai. Bi Mkubwa asishuke. Dereva amwegeshee mahali anapoiona bahari na madaraja, nyie ingieni. Yule mtoto wa miaka 9 muonyesheni shimo la wafungwa kwenye mnara wa upande wa bahari, maji yakijaa yalikuwa yanaingia humo humo. Atalala nalo wiki nzima.

Linlithgow ndipo pa Bi Mkubwa. Ni kasri, siyo ngome ya vita. Ua ni mpana, kuna chemchemi ya mawe ya mwaka 1538 katikati, nje kuna ziwa na mabata maji. Mary, malkia wa Scotland, alizaliwa hapo Desemba 1542. Paa hakuna tangu moto wa 1746. Mdogo wako atapatambua kama gereza la Wentworth, zile njia za ndani. Wakati mwingine wanafunga sehemu kwa ukaguzi wa mawe ya juu, nalo hutangazwa. Kuleni hapo hapo mjini. Julai Adhuhuri inaingia baada ya saa saba mchana, kwa hiyo mkitoka kula mna majani mapana ya kuswalia kando ya ziwa na hakuna anayewauliza kitu.

Halafu Doune, na hapa msiharakishe. Aliijenga Robert Stewart, mtawala wa Albany, mwisho wa karne ya 14. Ndiyo ile ngome inayoitwa Castle Leoch kwenye Outlander. Lakini kuna filamu nyingine ya zamani zaidi, ile ya vichekesho ya Monty Python ya mwaka 1975, yenye wapanda farasi wasio na farasi: bwana anatembea anaruka ruka, na mtumishi nyuma yake anagonga vifuu viwili vya nazi kutoa mlio wa kwato. Walinyimwa ruhusa ya ngome nyingine, kwa hiyo Doune moja waliipiga kila upande ikawa ngome kadhaa. Sasa wazungu wanakuja pale kuomba vifuu dukani wagonge. Mama mkwe wangu wa Pangani alikaa kwenye benchi la uani akaangalia mwanamume mzima wa miaka hamsini anakimbia akigonga vifuu, mke wake anampiga video. Akaniuliza, "Hawa nazi yenyewe wameipeleka wapi?" Kisha akavishika, akavigeuza, akasema havijakunwa vizuri.

Ukumbi na jiko viko juu, unapanda ngazi za mawe. Kuna kifaa cha sikioni cha kusikiliza maelezo, na mmoja wa wanaosimulia ni Sam Heughan, Jamie mwenyewe. Kwa mdogo wako hiyo ndiyo safari. Mwacheni aende peke yake, nyie kaeni na Bi Mkubwa uani.

Kutoka: Baba Shamsa, Falkirk

Nimesoma yote na sijaona sababu ya kumlipa dereva. Wana gari! Wametoka nalo Leeds! Linlithgow kwa treni kutoka Edinburgh ni dakika ishirini. Doune, Blackness na Linlithgow zote ziko chini ya shirika moja la serikali, Historic Environment Scotland: ukiwa na kadi ya uanachama unaingia bure mwaka mzima. Hizo pauni za dereva zinanunua kadi ya familia, mafuta, na chakula cha watu wote, na chenji inabaki.

Angalizo moja tu, kama gari lenu ni dizeli la zamani. Katikati ya Edinburgh kuna eneo la hewa safi tangu Juni 2024, Glasgow tangu Juni 2023. Kamera haina mswalie Mtume: faini pauni 60, ukilipa ndani ya siku 14 ni 30. Liacheni nje ya mji.

Kutoka: Shangazi wa Leith

Baba Shamsa, nani ataendesha? Shemeji atoke Leeds siku ya kwanza, siku ya pili ashinde kutwa nzima kwenye vibarabara vya shamba la Hopetoun, siku ya tatu arudi Leeds? Na Mama Kulwa ashike ramani, awatulize watoto, amtafsirie mama yake? Wageni wakiondoka atakuwa hajaona chochote. Mimi nasema mzee akiwepo, gari la peke yenu ni halali yake. Vijana watupu waende na treni yako.

Kutoka: Kaka wa Bukavu, Glasgow

Jambo kwenu wote. Mimi kazi yangu ni kubeba wageni, ingawa siku hizi zaidi ni uwanja wa ndege na hoteli. Sitafuti mteja hapa, Julai nimejaa. Nasema tu mambo ambayo watu hawaulizi mpaka wanaingia ndani ya gari.

Bei ni ya gari, siyo ya kichwa. Kwa siku nzima, saa nane hivi, mtasikia kuanzia pauni mia nne na kitu hadi mia saba, inategemea gari na kama dereva ni mwongozaji mwenye cheti. Mkiwa wawili inauma. Mkiwa sita mnagawana, na inaanza kukaribia bei ya basi la watalii zuri. Muulize: viingilio vimo? Maegesho ya Midhope yamo? Saa ikizidi analipisha vipi? Mkiahirisha kwa sababu ya mzee kuumwa, fedha inarudi kiasi gani? Jibu lije kwa maandishi. Nimeona familia moja imedaiwa nyongeza jioni, mlangoni pa hoteli, mama mzee amesimama na fimbo yake. Ni aibu kwa sisi wote wa kazi hii.

Pili, aonyeshe leseni na bima ya kubeba abiria wa kulipa. Bima ya gari la nyumbani haikubali kazi hiyo. Hata akiwa ndugu yetu, hata akiwa amepewa jina na mtu wa kanisani au msikitini. Siku ya ajali undugu haulipi hospitali.

Tatu, watoto. Sheria ya hapa ni kiti cha mtoto mpaka atimize miaka 12 au afike sentimita 135, lolote litakalotangulia. Mtumie urefu wao mapema. Ukisema "watoto wawili" tu, atakuja na kimoja cha mtoto mchanga.

Nne, mwongozaji mwenye Blue Badge amesoma na kufanya mitihani, na anajua kusimulia akiwa ndani ya ngome. Dereva wa kawaida atawashusha getini na kusema tuonane saa tisa. Wote wawili ni watu wazuri, lakini bei zao hazifanani, na muwe mnajua mnalipia yupi.

Na hili: karibu na Doune kuna kiwanda cha wiski cha Deanston, nacho kilitumika kwenye Outlander, ghala lake lilikuwa ghala la mvinyo la Ufaransa. Madereva wengi wanapachomeka bila kuuliza. Kama hamtaki, semeni siku ya kuweka nafasi, na dakika hizo mtapewa Doune. Hakuna atakayekasirika.

Kutoka: Muganda wa Dundee

Mimi nataka kujua kwenye safari hii kuna anayewaonyesha ikulu ya Idi Amin. Si alijiita Mfalme wa Scotland? Filamu yake yenyewe, The Last King of Scotland, waliipiga Uganda, kwa hiyo nyie mnaofuata sinema, nauli yenu ni ya Entebbe.

Kutoka: Mama Kulwa, Leeds

Nimecheka mpaka Bi Mkubwa kaniuliza kwenye simu kuna nini. Ahsanteni wote.

Tumekata shauri. Alnwick siku ya kupanda. Siku ya pili gari la viti vinane na mwongozaji mwenye beji. Nimempata mmoja, kaniandikia kila kitu, viingilio vya watu wazima nje ya bei, Midhope ndani ya bei. Nilimwambia kuhusu goti, akajibu mwenyewe kwamba Blackness atakaa na mama garini ikibidi. Kiwanda cha wiski nimekitoa. Mdogo wangu kakubali kuiacha Eilean Donan baada ya siku mbili za kununa. Kusikia Sam Heughan anasimulia Doune ndiko kulikomaliza ugomvi.

Baba Shamsa, ya dizeli nakushukuru, letu ni la 2012. Tutaliacha kwenye maegesho ya nje ya mji tuingie na basi.

Limebaki jambo moja. Mwongozaji ni Mskoti, Bi Mkubwa Kiingereza chake ni cha salamu, na mimi nikianza kutafsiri nitachoka kabla ya saa nne asubuhi. Tuko sita, viti viko vinane. Shangazi, kama una nafasi Jumatano hiyo, kiti chako kipo, hulipi, na chakula ni juu yetu. Nakutaka ukae naye tu, umsimulie kwa lugha ya kueleweka.

Kutoka: Shangazi wa Leith

Mnipitie nyumbani saa mbili na nusu asubuhi. Nitabeba chupa ya chai, sambusa na koti langu la pili kwa ajili ya Bi Mkubwa, maana najua atakuja na kanga mbili akidhani Julai ni Julai. Mwambieni mwongozaji asiongee haraka.

Kutoka: Baba Shamsa, Falkirk

Linlithgow mtafika saa ngapi? Nitakuja na treni. Kadi ninayo, getini silipi. Sambusa za nyama au za dengu?