Jeki iliposhuka na kumponda mkono fundi msaidizi: je, mwenye gereji anawajibika?

Muulizaji, Malaba
Ndugu zangu, juzi mdogo wangu, fundi msaidizi katika gereji ya malori, alikuwa akifungua breki za nyuma wakati jeki ya haidroliki iliposhuka ghafla, ekseli ikamponda mkono. Mwenye gereji anasema kosa ni la kijana kwa kuwa hakuweka stendi (mguu wa chuma wa kushikilia gari lililoinuliwa), ilhali gereji haina hata stendi moja, wala hakumwandikia mkataba. Je, ana haki yoyote?

Fundi wa malori, Tororo
Pole sana. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mzigo wote hubebwa na mafuta yaliyozuiwa na sili (kizibo cha kuzuia mafuta yasivuje) na vali ndogo. Sili ikichakaa, au uchafu ukikwama kwenye vali, mafuta hurudi nyuma na gari hushuka bila ishara. Ndiyo maana lori hukalishwa juu ya stendi za chuma, kwenye sakafu ngumu, na magurudumu yaliyo chini huwekewa kabari, kabla mtu hajaingiza hata kidole. Matofali tunayoyaona kila siku kando ya barabara hayafai, kwani hupasuka. Jeki hiyo ipigwe picha, pamoja na maandishi ya tani zake, kabla haijatengenezwa.

Mshauri wa wafanyakazi, Mbale
Haki anayo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inautambua mkataba wa mdomo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe fidia kwa jeraha lililopatikana kazini, hata kama mfanyakazi alizembea. Kwa hiyo hoja ya stendi haimwokoi mwenye gereji, na kwa maoni yangu inamlemea yeye, maana kutoa vifaa salama ni wajibu wake. Mpeni taarifa ya maandishi sasa hivi, mbaki na nakala, kisha mwende kwa afisa wa kazi wa wilaya mkiwa na ripoti ya daktari.

Muulizaji
Asanteni. Yuko nyumbani, lakini maumivu yanazidi na vidole vinakufa ganzi.

Muuguzi, Busia
Ndugu, mrudisheni hospitali usiku huu. Mkono uliopondwa unaweza kuvimba ndani hadi damu ishindwe kupita, na misuli hufa kwa saa chache. Msiufunge wala kuukanda. Barua itaandikwa kesho.