Mapezi au injini inayogeuka? Roketi ya klabu ya shule

Mwl_Tabora: Wakuu, habari zenu. Klabu yetu ya sayansi inarusha roketi mwezi ujao. Fundi mmoja ananiuzia mapezi ya plaiwudi, mwingine sevo mbili (vimota vidogo) na jairo (kifaa kinachohisi roketi ikiinama) za kugeuza mdomo wa injini. Ipi itaifanya ipae wima bila kuyumba? Hela natoa Ijumaa.

fundi_saa: Mkuu, hujataja urefu, uzito wala injini. Tukushauri kwa lipi? Na inashuka kwa parachuti au kwa utepe?

Binti_Malindi: Chukua mapezi. Kitovu cha uzito kikae upande wa pua, na pale upepo unapoisukumia roketi pawe nyuma yake, angalau kwa upana mmoja wa bomba. Ikiyumba, upepo wenyewe unainyoosha, kama mshale na manyoya yake.

Kipanga88: Roketi ikiwa bado polepole mapezi hayashiki kitu. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, inapanda kwa kugeuza injini. Mapezi yake ya wavu yanafunguka wakati wa kushuka tu.

Binti_Malindi: Kwa hiyo unaweka nondo ya kuiongoza hadi ishike kasi. Na hayo ya wavu, Desemba 2018 pampu ya haidroliki ilikwama, roketi ikashuka inazunguka, ikaishia baharini badala ya nchi kavu.

mzee_wa_gundi: Sikilizeni yaliyonikuta. Tuliunda ya mita moja na nusu, mapezi manne, ikapimwa vizuri. Asubuhi ya kurusha mwenzetu akaweka injini nzito zaidi, hakuna aliyepima upya. Ikatoka kwenye nondo safi, ikafika kimo cha mnazi, ikapinduka, ikawa inachora duara angani na moto bado unawaka. Watoto wakalala kifudifudi. Ikajichimbia kwenye shamba la mihogo kabla parachuti haijatoka. Tangu siku hiyo, injini ikiwa ndani, nafunga kamba pale roketi inapolala sawa kidoleni, kisha naizungusha juu ya kichwa. Pua ikitangulia, narusha. Ikirudi kinyumenyume, naongeza uzito puani.

Kipanga88: Si injini iwekwe juu, mwili uning'inie kama timazi?

fundi_saa: Hapana. Goddard, yule Mmarekani aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika, aliiweka juu mwaka 1926, haikusaidia. Timazi imefungwa mahali. Injini inainama pamoja na mwili.

Binti_Malindi: Scout, roketi ya Marekani iliyoondoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, na setilaiti ya Uhuru, 12 Desemba 1970, ilichanganya njia: hatua ya kwanza (sehemu ya chini inayowaka mwanzo) ilikuwa na mapezi yenye ncha zinazogeuka na vibao ndani ya moto wa injini, ya mwisho ikazungushwa kama pia.

Mwl_Tabora: Shukrani wote. Urefu sm 90. Injini sijanunua.

fundi_saa: Sasa hicho kitovu cha uzito utakipimaje? Zuia hela kwanza. Na kibali cha kurusha unacho?

Kipanga88: Binti, lile jukwaa la San Marco bado lipo?

Binti_Malindi: Lipo. Ukisimama ufukweni Ngomeni unaliona.