Baba anataka kufungua duka saa tisa usiku. Dada wa kazi namfundishaje kumhudumia?

BintiFundi (Tanga)
Habari zenu wakubwa. Nipo Ngamiani, naomba mawazo ya mliouguza wazee nyumbani.

Baba yangu ana miaka 78. Alikuwa fundi cherehani, kanzu na suti za harusi. Kibanda chake tulikiuza mwaka 2014 macho yalipoanza kumsumbua. Mwaka jana daktari akatuambia ana demensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Sasa jua likianza kuzama tu, hatulii. Saa tisa usiku anaamka, anavaa koti juu ya msuli, anatikisa komeo la mlango: "Nifungulieni, kuna mteja wa Idi." Ukimwambia duka tulishauza, anakutazama kama umemtukana, na baada ya dakika kumi anauliza tena. Juzi mara ya tano nilimjibu kwa ukali. Akakaa sakafuni akalia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata siku mama alipofariki.

Mchana nipo kazini, anabaki na dada wa kazi, msichana wa miaka 20 kutoka Lushoto. Mpole, ila hajafundishwa, na mimi mwenyewe sijafundishwa. Kuoga ndiyo balaa, juzi kamrushia kopo. Chandarua anakivuta pindo mpaka kimechanika. Jirani anasema kachezewa. Kaka yangu wa Dar anasema, "Karudi utotoni huyo, mpeni Piriton alale." Tumempa siku tatu, kazidi kuvurugika.

Huyu dada nimfundishe nini, na nianzie wapi?

ShangaziLeeds
Mdogo wangu, pole sana. Mimi mtu wa Muheza, mwaka wa 11 huu nahudumia wazee kwenye nyumba yao hapa Leeds, Uingereza. Piriton acha leo leo. Dawa za mafua zinazoleta usingizi humvuruga zaidi mzee mwenye demensia, tena hukausha choo na kuzuia mkojo. Halafu mnashangaa usiku hatulii.

Siku ya kwanza ya mafunzo yetu hatukushika hata kalamu. Nilifungwa kitambaa machoni, mwenzangu akanilisha uji bila kusema neno. Kijiko kinakuja lini, sijui. Cha tatu kikanigonga meno, nikausukuma mkono wake. Mwalimu akasema, "Hapo tungeandika kwenye faili lako kwamba wewe mkorofi." Mfanyie dada hivyo jikoni kwako, kisha yeye akufanyie wewe. Dakika tano zinatosha.

Mtazamo huu ulienezwa sana na mwanasaikolojia Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, jirani zetu hapa, alifariki 1998. Hoja yake ni kwamba mgonjwa humalizwa na ubongo na pia na sisi tulio karibu naye: tunamharakisha, tunamsema palepale kama hayupo, tunamdanganya, tunamfanya mtoto. Na wala hakusema tuna roho mbaya.

Kwa hiyo "duka tulishauza" ni kweli, lakini kila usiku unamfukuza kazi upya. Ukimwambia mteja kaondoka, unamdanganya. Mimi ningemuuliza: kanzu ya nani hiyo? Kola ya namna gani? Nakaa naye, taa inawaka, anaeleza mpaka anachoka. Na huo mkono unaovuta pindo la chandarua unashona, mama. Mpe kitambaa chake.

Andika ukurasa mmoja umpe dada. Alikuwa anaamka saa ngapi, chai anakunywaje, anaogopa nini, radio gani, na zaidi ya yote, alikuwa anaitwa nani. Hapa kwetu kila mzee ana ukurasa wake, na mfanyakazi mgeni haruhusiwi kumgusa kabla hajausoma.

NesiMstaafu (Moshi)
Shangazi kasema vyema, ila la kuoga mmeliruka. Binti wa miaka 20 anamvua msuli mzee wa watu, halafu mnataka atulie? Hata mimi ningerusha kopo. Tafuteni mwanamume, mjukuu au kijana wa msikitini anayemheshimu, hata mara tatu kwa wiki. Siku asipokuwepo, mzee aoge na msuli wake, maji ya vuguvugu, kopo alishike mwenyewe.

Pili, binti yangu, mzee akibadilika ghafla ndani ya siku chache, usiseme ni ugonjwa ule ule. Mpeleke apimwe mkojo. Angalia choo na maji anayokunywa. Uliza kama alishapimwa tezi ya shingo na vitamini B12, maana kasoro hizo nazo huleta kusahau, na zina tiba. Akiandikiwa dawa za kutuliza kama haloperidol, uliza ni za siku ngapi. Kwa wazee wenye demensia huongeza hatari ya kiharusi na kifo.

Jirani mwambie hivi: huku wilaya ya Hai watafiti walipita vijijini mnamo 2010, wazee wa miaka 70 kwenda juu, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana demensia. Wote hao kawachezea nani? Baadaye wakajaribu vikundi vya wazee, vikao 14 kwa wiki 7, wanazungumza na kufanya mambo wanayoyajua. Hakuna mashine pale.

BintiFundi (Tanga)
Narudi baada ya wiki tatu. Mkojo ulikuwa na maambukizi kweli, katibiwa. Anaoga na mtoto wa dada yangu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine tunamfuta kwa kitambaa, basi.

Ule ukurasa tuliandika. Nilipofika kwenye jina nikashtuka, kwa sababu dada alikuwa anamwita "Babu". Baba hakuwahi kuitwa Babu na mtu wa nje. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Siku dada alipoita "Fundi, chai tayari," aligeuka kabla hajamaliza kusema.

Nimempa futi yake, chaki na vipande vya kitenge. Mkasi hapana. Saa tisa bado anaamka, nisiwadanganye, na kuna usiku bado nafoka. Kaka naye kakasirika, anasema namchezesha mzee mchezo wa watoto. Nimemwambia aje akae wiki moja. Hajajibu.

Jana nimemkuta kamsimamisha dada mlangoni anampima mabega. Kasoma futi, kakunja midomo, akamwambia mshono wa gauni lake umepinda, aliyeshona hajui kazi. Kisha akamwambia njoo Alhamisi. Miaka yote ile wateja walimlalamikia hiyo Alhamisi yake.