Chuo kinamalizia jumba la michezo mita mia mbili toka jimu yangu. Nihame au nibaki?

Kifua Mbele: Wakuu, heshima kwenu. Nina jimu ndogo jirani na geti la chuo kimoja hapa Dodoma, huu mwaka wa nne. Wateja wangu saba kati ya kumi ni wanachuo. Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanachuo, likitoka, jioni hakuna pa kukanyaga. Wakienda likizo nabaki na mlinzi wa ghala na bodaboda wawili. Sasa chuo kinamalizia jumba la michezo: ukumbi wa kikapu na wavu, jimu ghorofa nzima, na nje uwanja wa riadha wa ule mpira mwekundu, njia nane. Tetesi ni kwamba muhula mpya wanafungua, na mwanachuo ataingia kwa kitambulisho tu. Mimi natoza 2,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Usingizi umekata. Nihamie mitaa ya mbali au nibaki nipambane? Matusi hapana.

Mjukuu wa Chifu: Hongera kwa chuo! Mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiwa mbele toka bunduki inalia. Suleiman Nyambui naye alisoma El Paso, Texas, na Moscow 1980 akabeba fedha ya mita 5,000. Tungekuwa na viwanja vya namna hii kila chuo tungekuwa wapi leo?

Kifua Mbele: Mkuu, nimeuliza habari za fremu, sio medali.

Mbeba Boksi: Huku Marekani nilikosoma, hela ya jumba la michezo inakatwa kwenye ada kila muhula, uingie usiingie. Nilifanya kazi mapokezi pale, nakunja mataulo na kuangalia vitambulisho, saa 20 kwa wiki, maana viza ya mwanafunzi haikuruhusu zaidi muhula ukiwa unaendelea. Januari watu wanapanga foleni ya mashine. Kufika Machi unasikia feni tu. Ila siku moja aliingia profesa mmoja na ndala, basi…

Kifua Mbele: Mkuu, malizia na jimu yangu.

Mbeba Boksi: Uliza kama hapo nao wameingiza kwenye ada. Mtu akishalipa kwa lazima, 30,000 yako ataiona dhambi. Halafu yule profesa nitamleta kwa uzi wake.

Binti wa Area D: Mimi ni mwanachuo. Siendi kuhema kama mbuzi wa mnadani mbele ya wakaka wa kozi yangu. Tenga saa mbili za jioni kwa wanawake tu, weka pazia na mwalimu wa kike, bafu liwe na kitasa. Tutakuja, na wenzetu tutawaleta. Bafu lako la sasa nimeliona, Mungu anisamehe.

Fundi Nondo: Nimefunga nondo kwenye jengo la aina hiyo. Uwanja wa kikapu tu ni mita 28 kwa 15. Likifunguliwa, asubuhi ni masomo ya vitendo, jioni timu za chuo, Jumamosi bonanza la wafanyakazi. Mwanafunzi wa kawaida anabaki na saa ngapi? Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi uulizie ratiba kabla hujalia. Ila kuna kitu hujasema. Mkataba wa fremu unaisha lini?

Kifua Mbele: Wa zamani unaisha Desemba.

Fundi Nondo: Wa zamani? Kuna mpya?

Kifua Mbele: Mwezi uliopita niliongeza fremu ya pili, ya jirani. Nimelipa mwaka mzima, milioni tatu na laki sita. Na mashine mbili za kukimbilia, dalali wa Kariakoo nimeshamtangulizia nusu.

Fundi Nondo: Jumba ulikuwa hulioni?

Kifua Mbele: Nguzo zilikuwa zimesimama. Lakini majengo yetu tunayajua, nguzo zinaweza kusimama miaka sita kuku wanalala humo. Nani alijua hawa watapiga hadi bati? Na biashara ni kujilipua.

Mama Ntilie Mstaafu: Mimi walinijengea kantini mbele ya banda langu mwaka 2009. Nikaanza kupika makande usiku wa manane wakati wa mitihani. Kantini ilikuwa inafunga saa mbili. Nimesomesha wawili kwa makande yale. Mmoja sasa hapokei simu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Bi Hesabu: Swali langu ni dogo. Hizo hela zilitoka wapi? Mkopo wa riba kali, kausha damu?

Kifua Mbele: Siwezi kuwa mjinga kiasi hicho. Ni hela ya kikundi.

Bi Hesabu: Kikundi kipi?

Kifua Mbele: Kikoba cha mama watoto. Yeye ndiye mweka hazina. Wanavunja Desemba. Nitakuwa nimerudisha, mahesabu nimeshapiga.

Bi Hesabu: Yeye anajua?

Kifua Mbele: Atajua zikisharudi.

Ustaadhi: Amana ndugu yangu. Hela ya kina mama wanaoweka hisa kwa kuuza vitumbua! Unakula nayo wali kweli?

Mchekeshaji Taifa: Desemba tutakuona kwenye njia zote nane, kina mama thelathini nyuma yako na miiko. Rekodi ya Bayi kwisha.

Bi Hesabu: Ngojeni kwanza. Nimekaa kikoba miaka tisa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na hela inahesabiwa mbele ya wote kila kikao. Mweka hazina mwenyewe hafungui peke yake, sembuse mumewe. Naanza kusikia harufu ya chai, hadithi ya kutunga.

Mpekuzi: Chai ya tangawizi kabisa. Februari mleta mada alianzisha uzi anatafuta mchumba. Nanukuu: "Sina mtoto, nimeajiriwa." Mama watoto kaota wapi?

Kifua Mbele: Ule uzi aliandika shemeji yangu kwa simu yangu.

Mchekeshaji Taifa: Shemeji anatafuta mchumba kwa simu ya mume wa dada yake. Nahama nchi.

Kifua Mbele: Msioamini piteni. Sanduku waliliacha baada ya wizi mtaani. Hela zinakaa kwenye laini ya mama watoto, na namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Sikuvunja kitu.

Bi Hesabu: Basi nimeamini. Mtu wa kubuni asingejipaka tope hivi. Mwambie mkeo leo, kabla kikundi hakijaomba kuona salio. Na huyo dalali, mashine hajatuma bado, dai chako.

Kifua Mbele: Dalali hapokei simu.

Geto Namba Nne: Mimi siamini wala sikatai. Zile dambeli za kilo 20 ziko jozi ngapi?

Kifua Mbele: Sijasema nauza.

Geto Namba Nne: Na mimi sijasema unauza.

Kifua Mbele (saa 5:47 usiku): Jozi nne. Njoo inboksi, usipige. Simu usiku anashika mama watoto.