Tupeane uzoefu: variebo iko nje, funksheni haiioni

Mleta uzi: Wakuu, kuna dogo hapa ofisini kaganda na PHP (lugha ya kuandikia tovuti) tangu asubuhi, $conn, variebo yake ya kuunganisha database, kaiandika vizuri kabisa juu ya faili, akiiita ndani ya funksheni anaambiwa Undefined variable $conn, halafu Call to a member function query() on null. Yeye anailaumu database wakati database haina shida, PHP ndivyo ilivyo, funksheni haioni cha nje mpaka uipe. Nimekumbuka mbali sana. Nyie ilianza kuwatesa wapi hii?

bara2pwani: Aweke global $conn; mstari wa kwanza ndani ya funksheni, itaiona ya nje, akanywe chai.

mama_seva: Usimharibu dogo wa watu. Kesho faili jingine linaibadilisha $conn hiyo hiyo, mtatafutana humo. Aipokee kwenye mabano, function bidhaa($conn).

bara2pwani: WordPress, ule mfumo wa kutengenezea tovuti, mpaka leo ina global $wpdb, variebo yake ya database, na inapiga kazi.

mama_seva: Ina mizigo ya tangu 2003 ile, dogo anaanza upya.

kijiti: PHP angalau inalalamika, JavaScript inakaa kimya. Niliitwa shule moja, mfumo kauacha mtu mwingine, mwalimu wa taaluma anasema watoto wanapotea. Anabonyeza Futa kwa mtoto aliyehama, jina lipo katikati ya orodha, haliondoki, anabonyeza tena na tena, kumbe kila akibonyeza anaondoka wa mwisho, Zuwena, Zainabu, Yusufu, wa Z waliisha wote! Nafungua code nakuta ndani ya for, ile lupu inayopita mtoto mmoja mmoja, kuna var id = wanafunzi[i].id, na vitufe vyote vinasoma id hiyo moja ilivyobaki lupu ikiisha, maana var haiishii kwenye mabano ya lupu, ni ya funksheni nzima. Nikaweka let badala ya var, ipo tangu 2015, kila kitufe kikapata id yake. Majina tuliyarudisha kwenye daftari la mahudhurio, mwalimu anasoma mimi naandika.

tabasamu: Dah, wa Z wamekosa nini jamani. Bakapu?

kijiti: Ilikuwa inajiandika juu ya ile ya jana.

bara2pwani: Hiyo ya bakapu inauma kuliko hata var.

tabasamu: Dogo akikutana na funksheni isiyo na jina aweke use ($conn), au fn, ile funksheni fupi ya kuanzia PHP 7.4, hiyo inajichukulia ya nje yenyewe.

Mleta uzi: Kapitisha kwenye mabano imekubali. Sasa anauliza mbona $jumla akiibadilisha ndani, nje inabaki ya zamani?

mama_seva: Airudishe kwa return, na nje aipokee, $jumla = hesabu($jumla).