Mrejesho: nimepandisha bei ya kushona, haya ndo yaliyotokea

Habari zenu wadau, mimi ni yule fundi cherehani niliyeuliza niwaambieje wateja kwamba bei inapanda bila kuwakimbiza. Kwanza asanteni sana, hata mlionichamba kwa kukaa miaka 3 na bei ileile, mlikuwa sahihi tu.

Nilifuata ule ushauri wa kutoa taarifa mwezi mmoja kabla na meseji iwe fupi. Ya kwanza niliyoandika ilikuwa ndefu kama barua ya posa, samahani kibao, mara uzi umepanda mara umeme, nikaifuta yote. Niliyotuma ilisema tu bei mpya inaanza tarehe 1, kazi zitakazopokelewa kabla ya hapo zinabaki bei ya zamani. Basi. Wengi walijibu "sawa fundi", na wengine wakaleta vitambaa harakaharaka kuwahi bei ya zamani mpaka nikawa nakesha kwenye mashine, hilo sikulitegemea kabisa.

Nilipofeli ni kwa wateja wa siku nyingi. Mliniambia niwapigie simu mmoja mmoja, nikaona aibu, nikawatumia meseji ileile kama wengine. Wawili wameondoka jumla, mmoja alinuna ila wiki 3 baadaye karudi na suruali ya kupunguza kiuno, hatujaongelea bei, kalipa mpya kimyakimya. Na kuna dada mmoja alilialia nikamwachia bei ya zamani, sasa kamleta shoga yake naye anataka hiyohiyo 😅 hapo bado sijajua natokaje.